Ulimi Chini ya Mtaa wa Karai

Kitu cha kwanza nilichokigundua kilikuwa harufu. Nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la Mama Zubeda nikila mihogo ya kukaanga, na mihogo ile ilinukia hiliki.

Mihogo haitiwi hiliki. Hutiwa chumvi, pilipili na ndimu, basi. Nikala kipande kingine taratibu. Hiliki ilikuwepo, kwa mbali, kama manukato ya mtu aliyekwisha kutoka chumbani.

"We mtoto, mbona unautafuna mhogo kama unausomea dua?" Mama Zubeda akaniuliza, upawa mkononi, jasho likimtiririka. "Haujaiva?"

"Umeiva."

"Basi meza. Wateja wakikuona na uso huo watasema nimewawekea sumu."

Nikameza. Ningeweza kumuuliza, lakini mimi si mtu wa kuuliza. Nikavaa mabuti yangu, nikachukua ndoo yangu ya pumba, nikafungua kifuniko cha chemba iliyo mbele ya jiko lake na kushuka chini kufanya kazi yangu.

Kazi yangu ni kulisha ndimi.

Bahari ilipouchukua mji wa chini, tulihamishiwa Chokaani, juu ya kilima cha mawe meupe kisicho na mto wala kisima. Maji yetu ni yale yale siku zote, yanazunguka. Tunayooshea sufuria mwanzoni mwa wiki ndiyo tunayopikia chai mwishoni mwake. Yanashuka kwenye bomba la majitaka, yanasafishwa kwenye matangi ya bondeni, yanasukumwa tena juu. Mji mzima unaishi kwa bomba hilo, na bomba hilo halina adui kama mafuta ya jikoni. Mafuta yakimwagwa ya moto hushuka kama maji. Yakipoa huganda. Yakikutana na sabuni na chokaa ya kilima chetu huwa jiwe, donge jeupe linalokua mpaka linaziba bomba zima, na mabomba ya nyumbani hukauka kwa kuwa hakuna kinachozunguka tena.

Kwa hiyo Mhandisi Rehani Kihiyo alikuza ndimi. Alizitengeneza kwa kuvu linaloota kwenye magogo na chembe za konokono wa mikokoni, na kila ulimi ni mnyama mmoja mpana, wa kijivu, aliyelala ndani ya bomba kama mkeka uliolowa. Unakula mafuta kidogo kidogo. Unaonja, na unachokionja haukisahau. Chini ya kila jiko la mtaani kuna ulimi mdogo, na kwenye njia panda ya mabomba kuna ulimi mkubwa.

Ndimi husema pia. Kwenye kifuniko cha kila chemba kuna kipaza sauti, na mlishaji akiinama na kusema, "Sema," ulimi ulio chini yake hutaja kwa sauti nzito ulichokionja. Lakini wakati zinawekwa, wanawake wa Mtaa wa Karai waligoma. Walikaa juu ya chemba zao na sufuria kichwani, wakasema hawataki mdudu wa serikali atangaze nani kala nyama na nani kalala na uji mtupu. Wakaahidiwa hivi: ulimi wa jikoni utakula na kunyamaza. Utakaosema ni ule wa njia panda peke yake. Na amri ya wingi, ile ya kuziamuru ndimi zote za mtaa zinene kwa pamoja, ikapigwa marufuku.

Amri yenyewe ni neno moja, nanyi mnalijua. Ukiuamuru mmoja, unasema "sema." Ukiziamuru zote, unasema "semeni."

Sasa niwaambie jina langu. Hapana, ngojeni kwanza.

*

Donge lilionekana siku ile ile ya mihogo. Nililikuta kwenye njia panda, kubwa kama ng'ombe aliyelala, limebakiza upenyo wa mkono tu. Nikampigia Mhandisi. Akaja mwenyewe, suruali imekunjwa, miwani imejaa mvuke.

"Mama yangu," akasema. "Hili limezaliwa lini?"

"Wiki iliyopita halikuwepo."

"Limeshiba kuliko sisi." Akaligonga kwa nyundo, likatoa sauti ya chungu. Kisha akaugeukia ulimi mkubwa uliokuwa umejikunja pembeni, umebanwa. Akaupapasa kama mtu anavyompapasa mbuzi mgonjwa. "Pole, mzee. Sema."

Kipaza sauti kilikwaruza.

"Hiliki," ulimi ukasema. "Unga wa ngano. Nazi. Hiliki. Jiko la Mwantumu."

Nikaweka ndoo chini.

Bi Mwantumu ni somo yangu. Ndiye aliyenifunza nilipovunja ungo, ndiye aliyenipa chumba nyuma ya jiko lake nilipobaki peke yangu, na ndiye mpika mandazi wa kwanza kuwasha moto Chokaani. Mtaa uliitwa wa Karai kwa ajili ya karai lake.

"Haiwezekani," nikasema.

Mhandisi akanitazama. Nadhani lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kuyasikia yakitoka kwangu bila kuulizwa.

"Kwa nini haiwezekani?"

Nikafikiria mihogo. Nikafikiria bajia za Binti Shelukindo, ambazo nazo zilikuwa na rangi ile ile ya dhahabu kama mandazi ya somo yangu, na samaki wa Mama Chano, ambao shombo yao ilikuwa na utamu nyuma yake. Kisha nikakumbuka jambo ninaloliona kila alfajiri, na kwa sababu naliona kila alfajiri nilikuwa sijawahi kuliangalia.

"Mbegu," nikasema.

"Mbegu gani?"

Nikamweleza. Mafuta mapya hayakaangi vizuri. Chakula hutoka cheupe, kimepauka kama mgonjwa. Kila mpishi anajua kwamba ukitaka karai jipya lishike rangi, unalitia upawa mmoja wa mafuta ya jana. Hiyo ndiyo mbegu. Na Mtaa wa Karai wote huchukua mbegu kwa Bi Mwantumu, kwa sababu mafuta yake ni safi na mkono wake una baraka. Kila alfajiri wanapanga foleni na vikombe vyao. Yeye hagombi na mtu. Anagawa mpaka karai linabaki kavu.

Mhandisi Rehani alivua miwani. Alikuwa ameelewa kabla sijamaliza, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona ufa kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

"Kwa hiyo mafuta yote ya mtaa yana hiliki yake ndani," akasema polepole. "Ulimi unaonja kile chenye harufu kali kuliko vyote na kumtaja mwenyewe. Na yeye..."

"Yeye hana hata tone la kumwaga."

"Hana hata tone," akarudia. "Anayegawa yote ndiye anayetajwa." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nilizifundisha kutambua majiko. Sikuzifundisha ujirani."

"Utamwambia Afisa wa bomba? Jiko linalotajwa huzibwa."

"Nitamwambia leo hii. Ataniuliza ushahidi. Sheria ya bomba inakubali neno la ulimi tu, neno la mtu halikubali, mimi ndiye niliyeandika hivyo ili watu wasisingiziane." Akapangusa miwani kwa shati, akazidi kuichafua. "Zingesema ndimi za jikoni, tungejua kila mmoja kamwaga nini. Na majiko yanayomwaga yakizidi nusu ya majiko ya bomba moja, sheria inasema hilo si kosa la jiko, ni kosa la bomba. Hazibwi mtu. Mji unachimba mtego mkubwa wa mafuta, shimo la kuyanasa yasifike bombani, mwisho wa mtaa, na kila mmoja anapewa zamu ya kuusafisha. Lakini amri ya wingi imekatazwa. Mimi siwezi kuitoa, Afisa hawezi, hakuna anayeweza."

Maji yalikuwa yakilamba mabuti yetu.

Kisha akanitazama, na nikajua amekumbuka siku niliyoandikishwa kazi. Siku ile aliniuliza jina, nikamnong'oneza sikioni, akaangua kicheko, halafu akanishika bega. "Dada, chini huku jina lako usilitaje hata kwa mzaha," aliniambia. "Ndimi zimekwisha kujifunza neno hilo, haziwezi kusahau." Kwenye kitambulisho akaandika herufi moja tu na jina la baba. Wenzangu wakaniita Kimya.

"Mzee Mbaruku, mlishaji mwenzako, amestaafu," Mhandisi akasema, akiangalia pembeni. "Mlishaji wa mtaa huu ni wewe peke yako. Ulimi hauzibi bomba la jiko mpaka mlishaji wake ataje jina lake kamili na kutoa amri. Afisa atakuja kesho asubuhi." Akaokota nyundo yake. "Mimi sijakuambia kitu."

*

Bi Mwantumu alikuwa anakanda unga niliporudi. Alikwisha kusikia. Mtaani kwetu habari husafiri haraka kuliko majitaka.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Vua mabuti, usiniletee kinyesi cha wenye nyumba zao." Akaendelea kukanda. "Eti mdudu wako kanitaja."

"Kakosea."

"Basi si mdudu, ni mtu kama sisi."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikamweleza yote, hiliki, mbegu, sheria ya nusu ya majiko, na jina langu. Ilinichukua muda, kwa maana maneno yangu hutoka kama maji ya bomba lenye hewa. Hakunikatiza. Alipomaliza kusikiliza aliufunika unga kwa kitambaa.

"Likizibwa jiko, haliwashwi tena?" akauliza.

"Haliwashwi kwa biashara. Mpaka mwisho."

"Haya. Nimekaanga tangu sijaota meno ya nyuma. Nitajifunza kusuka ukili."

"Somo, wao ndio wanaomwaga! Mitego yao midogo inajaa, hawasubiri gari la kuikomba. Wanamwaga na maji ya moto asubuhi wakiharakia wateja. Ukizibwa wewe, donge litarudi. Litakuwa halina hiliki tu."

"Najua wanamwaga. Unadhani sina pua?"

"Basi niache nitaje jina langu."

Aligeuka. Sijawahi kuogopa macho ya somo yangu kama siku ile, wala hayakuwa na hasira.

"Mama Zubeda hajapika nyumbani kwake tangu mumewe aondoke," akasema kwa sauti ya chini. "Anakula makombo ya kuuza. Unajua? Hujui, kwa kuwa anapiga masufuria kila jioni ili tusikie. Binti Shelukindo anapika dawa ya kienyeji ya kushika mimba, anayamwaga maji yake usiku. Mama Chano ananunua samaki waliolala. Ndimi zako zitatangaza hayo juu ya vifuniko, watu wamesimama. Zitawavua nguo wenzangu barabarani ili mimi nikaange mandazi? Wallahi sitaki."

"Na maji je? Mji mzima unakunywa bomba hili."

Alirudi kwenye unga wake, akaufunua, akaufunika tena.

Nililala na swali hilo. Nikisema, ninawavua nguo walionilisha. Nikinyamaza, ninamzika aliyenilea, na donge linarudi. Maisha yangu yote nilidhani kunyamaza ni kutofanya kitu. Usiku ule nilielewa kwamba kunyamaza kwangu kungeziba jiko la mtu, barabara kama saruji.

Asubuhi nilipoamka nilikuwa nimekwisha kuamua. Nikafunga mabuti.

*

Afisa wa bomba, Bwana Shemhilu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mteja. Alifika njia panda ameshika andazi la Bi Mwantumu, akaona haya, akalificha mfukoni, mfuko ukalowa mafuta. Mtaa wote ulikuwa umesimama kuzunguka chemba kubwa. Wanawake walikuwa na vikombe vyao vya mbegu mkononi, kwa mazoea tu, maana alfajiri ile somo yangu hakuwasha.

"Ndugu zangu," Bwana Shemhilu akasema, "ulimi umetaja. Hapendi mtu jambo hili. Mhandisi amenieleza habari za mbegu na mimi namwamini, lakini sheria haiendi kwa kuamini. Mlishaji, sogea."

Nikasogea.

"Taja jina lako kamili, kisha useme: ziba jiko la Mwantumu."

Nikasimama juu ya kifuniko. Niliwageukia wanawake. Sikuwa nimewahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo tangu shule, na shule ndiyo iliyonikimbiza. Mwalimu alikuwa akiita jina langu kwenye mahudhurio, darasa zima linaitika kwa pamoja, "Tunasema, mwalimu!" Kila asubuhi. Sikumaliza darasa la tano.

"Kabla sijataja," nikasema, na sauti ilitoka nzima, "nataka mkumbuke naitwa nani."

Watu wakatazamana.

"Anaitwa Kimya," mtu akasema nyuma, wengine wakacheka.

"Siitwi hivyo. Mlikuwepo nilipopewa jina, baadhi yenu. Mjini chini, nyumba ya bibi yangu. Majirani walimsema sana mama kwa kunizaa, bibi akachoka, akanipa jina la kuwajibu. Mnalikumbuka. Na mnajua ndimi zikilisikia zitafanya nini."

Kicheko kikakatika. Niliona jinsi neno lilivyofika kwa mmoja, kisha kwa mwingine, kama maji yanavyopanda ngazi. Binti Shelukindo akaweka mkono tumboni.

"Msichana huyu anatutisha?" Mama Chano akafoka. "Tuliahidiwa! Ulimi wa jikoni haunyanyui mdomo!"

"Mliahidiwa," nikasema. "Na kama hamtaki, nitashuka hapa, nitavua mabuti, na Bwana Afisa atafute mlishaji mwingine wa kuziba jiko la somo yangu. Mimi sitalitaja jina langu juu yenu bila ninyi kuniruhusu. Lakini sitaziba. Jiko la nani halina hiliki yake? Kila mtu anuse kikombe chake."

Hakuna aliyenusa. Hawakuwa na haja.

Bi Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono imejaa unga ambao hautakaangwa. "Mwanangu, shuka," akasema. "Shuka, yaishe."

"Hashuki!"

Alikuwa Mama Zubeda. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa kiwiko, akaja mpaka kwenye kifuniko, kikombe chake kikining'inia kidoleni.

"Bwana Afisa, mimi namwaga," akasema. "Kila asubuhi. Mtego ukijaa namwaga na maji ya moto, na mafuta yenyewe mbegu yake ni ya yule pale. Andika."

"Neno la mtu halikubaliki, mama," Bwana Shemhilu akasema kwa upole. "Ulimi peke yake."

"Basi ulimi useme." Akanitazama. "Utasema sufuria langu la nyumbani halijaingia mchele tangu mwaka jana. Useme. Shoga zangu wakishajua watanialika, nimechoka kupigia masufuria ukuta."

Mtu akacheka, halafu akajizuia, halafu akalia. Binti Shelukindo akasogea, mkono bado tumboni, akasimama kando ya Mama Zubeda. Mama Chano alisonya kwa kirefu.

"Samaki wangu hawalali," akasema. "Wanajinyoosha tu." Naye akasogea.

Wakasogea wengine. Sikuwahesabu, ila Mhandisi Rehani aliwahesabu, nikamwona akitingisha kichwa: wamezidi nusu. Wawili watatu walibaki nyuma na kuangalia chini. Nikawangoja. Mmoja akanyanyua kikombe chake juu kidogo, kama anayeomba mbegu. Wa mwisho alikunja uso, akapunga mkono: haya, yaishe.

Bwana Shemhilu alikuwa ameelewa sasa, jasho likimshuka. "Mhandisi, amri ya wingi ni marufuku! Hili ni..."

"Wewe ndiye uliyemwambia ataje jina," Mhandisi akasema. "Mimi sijui sheria inayomkataza mtu kutaja jina lake."

Bwana Shemhilu akalitoa andazi mfukoni, akalitazama, akaling'ata mbele ya watu wote. "Taja," akasema akitafuna. "Lakini taja vizuri, nisikie."

Nilimtafuta somo yangu kwa macho. Alikuwa ameufunika uso kwa upande wa khanga, ila hakunikataza tena. Alikuwa akitikisa kichwa kwa namna ile anayotikisa akilionja karai na kuliona limeshika.

Nikainama juu ya kifuniko. Chini yangu bomba lote lilikuwa limetulia, kijivu na lenye kumbukumbu, chini ya kila jiko ulimi mmoja, unangoja. Darasa zima lilikuwa halipo. Nikavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza nikalisema kwa sauti, jina langu.

"Semeni."